Nilisema Chai

Tairi lilikuwa linaning'inia karibu kabisa na dirisha langu. Hizi ndege za mapanga bawa lake liko juu, kwa hiyo ukikaa katikati unaona magurudumu yakitoka tumboni na kubaki wazi, kama miguu ya ndege anayetaka kukanyaga tawi. Nililikodolea macho tairi kwa sababu sikutaka kuyatazama maji. Ziwa lilikuwa rangi ya majivu. Mvua ilikuwa inachora mistari ya kulala kwenye kioo. Tulishashuka kiasi kwamba nilimwona mvuvi kwenye mtumbwi, amejifunika nailoni ya bluu.

Halafu injini zikanguruma.

Kiti kikanisukuma mgongoni, pua ikainuka, lile tairi likajikunja taratibu na kurudi mahali pake. Mama niliyekaa naye akanishika mkono, wala hatukuwa tumesalimiana tangu Mwanza. Nyuma yetu bwana mmoja akasema kwa sauti, "Huyu rubani kazi haijui?"

Hakuna aliyemjibu. Kila aliyekuwa kwenye ndege ile ya kwenda Bukoba alikuwa na tarehe moja kichwani, na hakuna aliyeitamka.

Zikapita dakika tatu au nne. Kisha spika ikakwaruza, sauti nzito ya mtu mzima ikatoka bila haraka: "Abiria wetu, ni kapteni. Tulipokaribia kutua, rubani mwenzangu aliona hatujakaa sawa na uwanja. Akasema tupae. Nikapaa. Tutazunguka kidogo juu ya ziwa. Hali ya hewa ikikataa, tunarudi Mwanza."

Tulitua salama kwa mara ya pili. Watu walipiga makofi, wengine wakalia. Mimi nilibaki na maneno mawili.

*Akasema tupae. Nikapaa.*

Ni wiki sita sasa, na hayajaniacha.

Kilichonisumbua

Kuogopa niliogopa, lakini hofu iliisha palepale nilipokanyaga lami ya Bukoba. Kilichobaki ni namna yule mzee alivyopanga sentensi yake. Angeweza kusema "tumeamua". Angeweza kusingizia upepo na ingekuwa sawa, upepo ulikuwepo. Yeye alimtaja mdogo wake, akasema huyo ndiye aliyeona, huyo ndiye aliyesema, na mimi mkubwa nikatii. Akatutangazia abiria wote.

Nimekaa na wakubwa maisha yangu yote, nyumbani, kazini, msikitini, kwenye vikao vya harusi. Nahesabu kwa vidole vya mkono mmoja waliowahi kusema hivyo mbele za watu.

Ile tarehe sitaisimulia, mnaijua: 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani hapo hapo Bukoba, watu 43, na 19 hawakutoka hai, marubani wote wawili wakiwemo. Siandiki kuwahukumu wale. Nimeitaja kwa kuwa ndiyo iliyonifanya, nilipofika nyumbani, nianze kusoma usiku habari za ndege zilizotakiwa kurudi juu zisirudi. Na usiku wa tatu au wa nne nikafika Mangalore, nikakwama hapo.

Mmoja amelala, mwingine yu macho

22 Mei 2010. Boeing 737 ya Air India Express imetoka Dubai usiku, inakwenda Mangalore, kusini mwa India. Ndani mna watu 166, wengi wao wafanyakazi wanaorudi kwao na familia zao. Yeyote wa pwani yetu aliyewahi kupanda ndege ya kutoka Ghuba anaijua ile safari, maboksi yaliyofungwa kamba na zawadi za watoto.

Kapteni alilala. Kinasa sauti kilihifadhi saa mbili na dakika tano za mwisho, na katika hizo, saa moja na dakika kama arobaini kapteni amelala. Mkoromo wake unasikika. Rubani msaidizi yu macho, peke yake, anazungumza na waongozaji wa ndege.

Kapteni alipoamka, ndege ilikuwa juu mno kwa umbali uliobaki. Akaanza kuishusha kwa kasi ambayo mitambo yenyewe ilikuwa inapiga kelele. Rubani msaidizi akasema wapae tena. Mara ya kwanza ilikuwa kama swali: tupae? Kisha akasema tena, akamtaja kapteni. Akasema pia kwamba hawajakaa sawa. Kwa jumla, uchunguzi ulihesabu mara tatu alizomtaka kapteni aghairi.

Magurudumu yaligusa lami mita kama 1,580 kutoka mwanzo wa uwanja wenye mita kama 2,450. Uwanja wenyewe umekaa juu ya kilima kilichokatwa bapa, na mwisho wake ni korongo. Wakafa watu 158. Wanane wakatoka.

Kuna jambo kwenye taarifa ya uchunguzi ambalo nililirudia mara nyingi. Baada ya kugusa chini, akiwa ameshaanza kupunguza mwendo, kapteni alibadili mawazo akajaribu kuruka tena. Taarifa inasema angekanyaga breki kwa nguvu zote pale pale, ndege ingesimama kabla ya korongo. Yaani neno la mdogo wake lilikuja kufanyiwa kazi wakati ambao halikuwa na faida tena. Lile lile lililokuwa uhai likiwa angani, likawa kifo chini.

Lakini hata hilo silo lililonikwamisha. Kilichonikwamisha ni alama ya kuuliza.

*Tupae?*

Kwa sababu na mimi niliwahi kuuliza hivyo.

Ruaha Mbuyuni

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 19, utingo kwenye lori alilokuwa akiendesha mjomba wangu. Tulikuwa tunapakia viazi Makambako jioni ili alfajiri ya pili tuwe sokoni Dar. Mjomba alikuwa dereva hodari, hilo halina ubishi. Kitonga aliishuka na gia nzito kama mtu anayeshuka ngazi na mtoto mgongoni. Mimi kazi yangu ilikuwa kuweka kabari, kufunga turubai, kununua maji, na kunyamaza.

Safari hiyo alikuwa hajalala siku mbili. Kitonga tulishuka salama, maana mteremko ule haumpi mtu nafasi ya kusinzia. Usingizi ulimsubiri chini, kwenye tambarare. Nikaona kichwa kinashuka na kuinuka. Nikaona anafumba jicho moja, kisha la pili.

Nikasema, "Mjomba, chai ya hapo Ruaha Mbuyuni ni nzuri."

Akasema, "Tutakunywa Mikumi."

Tukapita taa za vibanda vya chai. Nikafungua kioo ili baridi iingie. Nikakohoa. Nikamuuliza habari za bibi, ambazo nilikuwa nazijua. Nilifanya kila kitu ambacho mtoto mwenye adabu anaweza kumfanyia mkubwa wake anayesinzia, isipokuwa kumwambia kwamba anasinzia.

Lori liliacha lami kabla ya Mikumi. Halikupinduka; liliingia mtaroni likaegemea ukingo, turubai likapasuka, viazi vikamwagika hadi barabarani. Mjomba aligonga kifua kwenye usukani. Mimi nilichanika mdomo. Kulipoanza kupambazuka tulikaa juu ya magunia, watu wa kijiji cha jirani wameanza kuja na ndoo.

Akaniuliza, "Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho, mjomba."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia nini?"

"Nilisema chai."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akageukia viazi vyake. Mwenye lori alimfukuza wiki hiyo hiyo, na hatukuwahi kulizungumza tena jambo lile mpaka mwezi uliopita.

Lugha ya aliye chini

Nakipenda Kiswahili kwa namna ambayo siwezi kuieleza bila Kiswahili. Napenda jinsi kinavyotupa njia za kumfikia mtu bila kumvunjia heshima. Samahani. Naomba. Labda. Naona kama. Sijui wewe unaonaje. Kuna kudokeza, kuna fumbo la kumfumbia mjinga ambalo mwerevu huling'amua. Mtu mzima hasemwi, hudokezwa. Akielewa, amejirekebisha mwenyewe na uso wake umebaki.

Ila kudokeza kunataka muda. Kunataka pia mtu wa upande wa pili aliye macho na mwenye nafasi ya kusikiliza. Ndege iliyo futi 500 juu ya ardhi haina muda huo, na aliyesinzia hana hiyo nafasi.

Wala tusijidhanie kwamba ni sisi peke yetu. Tarehe 28 Desemba 1978, huko Portland, Marekani, ndege ya United ilizunguka angani karibu saa nzima kapteni akishughulikia hitilafu ya magurudumu. Wenzake waliona mafuta yanakwisha. Walilitaja suala la mafuta, tena zaidi ya mara moja, lakini kwa namna ya kutoa taarifa. Hakuna aliyesema kwa nguvu kwamba wasipotua sasa wataanguka. Injini zikazimika moja baada ya nyingine, watu kumi wakafa. Wale ni Wamarekani, ambao huwa tunaamini wanasema lolote kwa yeyote. Baada ya hapo ndipo mafunzo ya marubani kusikilizana yaliposhika kasi duniani, United yenyewe ikiyaanza mwaka 1981.

Tuliyoyapata sisi nayo yapo. Usiku wa manane, 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi ikiwa na watu 114, ikaanguka kwenye mikoko kilomita chache tu kutoka uwanjani. Hakupona hata mmoja. Ndege ililala upande polepole gizani na hakuna aliyekuwa anaishika. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Uchunguzi wa Kamerun uliandika juu ya kukosekana kwa ushirikiano kati yao, mkubwa mwenye amri na mdogo mkimya. Haikuwa safari ya kutua, najua. Lakini niliposoma umri wao niliona lori, usukani, na kijana kwenye kiti cha kushoto akitafuta maneno mazuri.

Neno lililokubaliwa kabla

Kwa utaratibu wa siku hizi, wawili wale mbele hawakai kama dereva na utingo. Mmoja anaendesha, mwingine anafuatilia, na anayeendesha anaweza kuwa yeyote kati yao. Wakifika futi 1,000 juu ya uwanja, yaani kama mita 300, kuna mambo ambayo lazima yawe yamekamilika: magurudumu chini, mwendo uliopangwa, kushuka kusizidi kiwango, ndege imeuelekea uwanja. Kama hali ya hewa ni nzuri, baadhi ya mashirika huruhusu hadi futi 500. Lolote likiwa halijakaa, wanapaa. Na mashirika mengi yameandika kwamba yeyote kati ya wawili akitamka neno la kupaa, anayeendesha anapaa bila kuuliza. Maswali ni baadaye.

Lile neno halina samahani mbele yake.

Halihitaji samahani kwa sababu mkubwa alishasamehe kabla. Hapo ndipo nilipoelewa yule kapteni wetu. Wiki mbili za kwanza nilikuwa namfikiria rubani msaidizi, nikimsifu moyoni kwa ujasiri, nikijilaumu mimi wa mwaka 1998 kwa woga. Sasa naona nilikuwa naangalia kiti kisicho chenyewe. Ujasiri wa mdogo ni kitu cha kubahatisha. Leo upo, kesho amekemewa, haupo. Kazi ilifanywa na mzee, tena ilifanyika kabla injini hazijawashwa, siku alipomwambia kijana wake "ukiona, sema," na siku kijana aliposema kitu kidogo kisicho na maana asimcheke.

Mjomba hakuwahi kuniambia hivyo. Aliniambia, "Utingo haangalii barabara, anaangalia mzigo."

Na hata pale neno linapokuwepo kwenye kitabu, kitabu peke yake hakitoshi. Yogyakarta, Indonesia, 7 Machi 2007: Boeing 737 ya Garuda ikiwa na watu 140 ilitua ikikimbia kama kilomita 410 kwa saa, wakati ilitakiwa iwe chini ya 250. Mtambo wa tahadhari ulilia mara 15. Rubani msaidizi alisema wapae. Kapteni aliendelea. Kitabu kilimruhusu msaidizi kunyakua usukani, lakini wachunguzi wakakuta hajafundishwa kwa vitendo kufanya hivyo. Watu 21 wakafa. Namfikiria yule kijana mikono yake ikiwa magotini. Kumnyang'anya mkubwa usukani, jambo ambalo hujawahi kulifanya hata kwa mchezo, katika sekunde ambazo zinahesabika.

Ipo hesabu moja ya Flight Safety Foundation, shirika linaloshughulikia usalama wa ndege, iliyonishtua: katika kila safari 100 za kutua ambazo hazijakaa sawa, marubani hughairi kama tatu tu. Zilizobaki wanaendelea, na karibu zote zinatua salama. Nadhani tatizo lote limekaa kwenye hiyo "karibu zote". Kila ukiendelea na ukafika, unajifundisha kuendelea. Mjomba naye alishasinzia mara nyingi kabla ya siku ile, na mara zote tulikula chapati Mikumi.

Shaka yangu

Sitaki kuandika kana kwamba kupaa tena ni dawa ya kila kitu. Agosti 23 mwaka 2000, ndege ya Gulf Air iliyotoka Cairo ilighairi kutua Bahrain usiku. Ikapaa juu ya bahari nyeusi isiyo na taa hata moja. Kasi ya kupaa ilimdanganya kapteni, mwili ukamwambia pua imeinuka kupita kiasi, akaishusha. Ndege ikaingia baharini na watu 143. Msaidizi wake hakumzuia.

Kwa hiyo kusema neno ni nusu ya kazi. Baada ya neno kuna dakika ambayo kila mmoja bado anamhitaji mwenzake, na pengine ndiyo dakika ambayo mkubwa, akiwa ametoka kutii, anaona aibu na kutaka kuonyesha kwamba bado ni yeye. Sijui kama hilo hutokea ndani ya vyumba vya marubani. Nyumbani kwetu nimeliona.

Na nina shaka nyingine, ya malezi. Nilifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nimewafundisha wanangu hivyo hivyo, na mara nyingi ni kweli. Binti yangu ana miaka 14. Majuzi nilikuwa naendesha gari kwenye mvua, simu ikaita, nikaichukua. Akasema, "Baba, mvua ni kubwa eeh?"

Nilikaribia kumjibu kwamba ndiyo, ni kubwa.

Nikaiweka simu. Nikasimamisha gari pembeni, nikamwambia siku nyingine aseme, "Baba, weka simu." Akacheka, akadhani namtega. Nikamwambia alitamke hapo hapo nilisikie. Alilitamka kwa sauti ndogo akiangalia dirishani. Nikamwomba arudie. Tumelifanya mara nne, mvua inapiga bati la gari, na mara ya nne alinitazama usoni.

Simu kwa mjomba

Mwezi uliopita nilimpigia. Yuko Makambako, ana ng'ombe wawili na shamba la alizeti, macho yamepungua. Nikamwamkia, tukapitia habari za watu wote, wazima na marehemu. Kisha nikamsimulia habari ya ndege, tairi, mvuvi wa nailoni ya bluu, na yale maneno ya kapteni kwenye spika.

Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kuthubutu. "Mjomba, usiku ule ningekuambia simamisha lori, unasinzia, ungesimama?"

Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Ningekutukana," akasema. "Tena ningekutukania na baba yako."

"Halafu?"

"Halafu sijui, mpwa wangu. Labda hasira zingeniamsha."

Nikasikia anamfukuza kuku. Akarudi kwenye simu, sauti yake ikiwa chini zaidi.

"Huyo kapteni," akauliza, "aliposema mdogo wake ndiye aliyeona, watu kwenye ndege walimcheka?"

"Hapana, mjomba. Hakuna aliyecheka."

"Hata yule aliyekuwa anasema hajui kazi?"

"Hata yeye. Alinyamaza."

"Ahaa," akasema. Kisha akaniomba nimrudie yale maneno, pole pole, jinsi kapteni alivyoyasema.